Fisi Aonekane: Mwongozo Kamili wa Kumchagulia Mhusika Mnyama Rangi

Porini, rangi ya mnyama ina kazi moja kubwa, nayo ni kumficha. Fisi madoa amefanana na nyasi kavu kwa sababu anaishi kwenye nyasi kavu, na sungura amefanana na udongo na vijiti kwa sababu kila mwenye meno anamtafuta. Mchoraji wa kitabu cha watoto au wa vibonzo anataka kinyume chake. Anataka mhusika aonekane mara moja, hata akiwa mdogo kama ukucha kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana ukichota rangi kwenye picha ya mnyama halisi na kuzimwaga kwenye mchoro kama zilivyo, mara nyingi unapata kiumbe aliyepauka, anayemezwa na ukuta ulio nyuma yake.

Mwongozo huu unamfuata mhusika mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: fisi mwenye duka, anayetembea kwa miguu miwili, amevaa shati, kikoi na tarbushi. Fisi amechaguliwa kwa makusudi kwa kuwa ni mgumu. Ana madoa, mwili wa rangi ya mchanga isiyo na msimamo, na ncha za mikono nyeusi. Ukimpatia yeye, twiga na chui hawatakusumbua sana. Namba zote zinafanya kazi kwenye Krita, ibisPaint, Procreate au programu nyingine yoyote inayokuruhusu kuandika msimbo wa rangi, yaani alama ya # ikifuatwa na tarakimu au herufi sita.

Kabla ya kugusa rangi

Zima kichujio cha usiku kinachotia kioo unjano. Simu ikiwa na mpangilio wa rangi kali, rudisha wa kawaida, na mwanga wa kioo uache katikati. Mtu aliyechagua rangi saa nne usiku kichujio kikiwa kimewashwa huamka asubuhi akakuta fisi wake ana rangi ya bluu iliyochuja, halafu analaumu programu.

Ukurasa wa kuchorea usiwe mweupe pe. Ujaze kijivu cha kati, #808080. Juu ya nyeupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo utaipunguza nguvu bila kujua, kisha siku ukiweka mandhari nyuma yake utashangaa ilikokwenda.

Programu nyingi huipima rangi kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni aina, yaani nafasi yake kwenye duara la rangi, 0 hadi 360. Cha pili ni ukolevu, yaani imekolea au imepauka, 0 hadi 100. Cha tatu ni mng'ao, nao pia 0 hadi 100. Hivi vitatu ni vya kuchagulia, ila cha tatu kinadanganya. Njano safi na bluu safi zote zina mng'ao wa 100, lakini ukizigeuza kuwa picha ya nyeusi na nyeupe, njano inabaki na weupe wa asilimia 89 na bluu asilimia 11 tu. Jicho letu linapokea mwanga mwingi kutoka kwenye kijani, wa wastani kutoka kwenye nyekundu, na kidogo sana kutoka kwenye bluu.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo cha nne, tutakachokiita weupe: sifuri ni nyeusi ti, mia ni nyeupe pe. Ukitaka kukikokotoa mwenyewe, chukua viwango vya nyekundu, kijani na bluu vya rangi hiyo (kila kimoja 0 hadi 255), zidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na bluu kwa 0.114, jumlisha, gawa kwa 255, kisha zidisha kwa 100. Ukitaka kukiona kwa macho tu, weka leya mpya (tabaka la kuchorea) juu ya zote, ijaze nyeusi, iweke kwenye modi ya kuchanganya rangi iitwayo Color. Mchoro wote utageuka kijivu. Leya hiyo usiifute mpaka kazi iishe. Utakuwa unaiwasha na kuizima kila baada ya dakika chache, na ndiyo itakayoamua mambo mengi kuliko duara la rangi.

Mtazame mnyama, kisha mpunguze

Kusanya picha tano au sita za mnyama mmoja katika mwanga tofauti. Zilizopigwa jua linapotua ni nzuri kutazama na mbaya kuchotea rangi, kwani fisi wote humo ni wa chungwa. Tumia zilizopigwa mchana wa mawingu. Usichote kwenye pikseli moja, maana unywele mmoja unaweza kuwa mweusi na wa jirani yake mweupe. Ipe picha ukungu kidogo kwanza, kisha chota.

Manyoya ya mamalia hupata rangi kutokana na melanini za aina mbili tu, moja ya nyeusi na kahawia, nyingine ya wekundu na unjano. Kila simba, swala, nyani na fisi unayemjua ni mchanganyiko wa hizo mbili na kiasi cha weupe pale zinapokosekana. Ndiyo sababu rangi za wanyama wetu wengi zimebanana kwenye duara kati ya namba 15 na 45. Ukitaka mhusika abaki na harufu ya unyama, manyoya yake yasitoke nje ya hapo. Ukitaka sungura wa zambarau, mpake zambarau, hakuna polisi wa rangi. Lakini hapo utegemee umbo peke yake limtambulishe.

Jambo jingine la kubakiza ni mgongo mzito na tumbo jepesi. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer aliandika mwaka 1896 kwamba mpangilio huo humfuta mnyama porini, kwa kuwa jua hung'arisha mgongo na kivuli hutia tumbo giza, vyote viwili vikakutana katikati na mwili ukaonekana bapa. Kwenye mchoro tunautumia kwa sababu tofauti. Weupe wa koo, tumbo na ndani ya masikio ndio unaomwambia msomaji kuwa hiki ni kiumbe chenye manyoya, si mwanasesere wa plastiki.

Sasa jiulize: nikiondoa nini, huyu haitwi tena fisi? Ni vitu vinne: mwili wa mchanga, madoa meusi-kahawia, pua na mdomo mweusi, koo jepesi. Vingine vyote ni vya ziada. Madoa halisi ni mengi na kingo zake zimefifia, ila mhusika utamchora mara arobaini na madoa hayo yatahamahama kila ukurasa. Mpe tisa hadi kumi na mawili kwa kila upande, ya saizi tatu, na uyawekee ramani mbele na nyuma. Madoa ya fisi hupauka anavyozeeka, na watoto wake huzaliwa weusi-kahawia bila madoa. Maana yake umri wa mhusika unaweza kuuonyesha kwa rangi bila kumchora mikunjo wala kumpa mkongojo.

Ngazi ya weupe

Hapa ndipo paleti, yaani seti ya rangi za mhusika, inapopatikana au kukosekana. Kabla hujaamua shati ni bluu au kijani, amua liwe na weupe wa ngapi. Rangi mbili zinazogusana mwilini zikikaribiana weupe kwa chini ya pointi 12 hivi, ukiwa mbali zitaungana kuwa donge moja, hata kama kwenye duara zinapingana kama paka na panya.

Manyoya ya fisi wetu tuyaanzie hapa:

Mwili wa mchanga: #C2A478 (aina 36, ukolevu 38, mng'ao 76). Weupe 66.
Koo, tumbo, ndani ya masikio: #EBDDC1 (40, 18, 92). Weupe 87.
Madoa na duara la macho: #664633 (22, 50, 40). Weupe 30.
Pua, mdomo, vidole vya mikono na miguu: #33241F (15, 40, 20). Weupe 16.

Angalia kwamba hakuna nyeusi tupu wala nyeupe tupu. Zote nne zimevutwa upande wa joto, na kadiri rangi inavyozidi kuwa nzito, aina yake inasogea kuelekea nyekundu, kutoka 40 hadi 15. Msogeo huo mdogo ndio unaoyafanya manyoya yaonekane yametoka kwa mnyama mmoja. Ukichukua mchanga na kuuteremsha mng'ao tu bila kugusa aina, unapata rangi ya matope ya kijani-kijani, kosa linaloonekana kwenye kazi nyingi za mwanzo.

Shati sasa. Mwili uko kwenye 36, na ng'ambo yake kwenye duara ni kama 216, eneo la bluu. Wengi watachukua bluu nzito ya sare ya shule, #304F6B, na ukitazama kwa rangi inapendeza sana. Washa leya ya kijivu. Shati lina weupe wa 29. Juu ya mwili wa 66 linasimama vizuri, lakini fisi ni mwenye duka, kila mara mkono wake uko kifuani akihesabu pesa, na vidole vyake vina weupe wa 16. Tofauti ni pointi 13, na vidole ni vyembamba. Ukipunguza picha iwe ndogo, mikono inakatika kwenye kifundo. Juu ya hapo, madoa ya shingoni yenye 30 yanalingana na ukosi wa shati lenye 29, kwa hiyo doa lililo karibu na ukosi linageuka kuwa kipande cha nguo.

Dawa yake si kubadili bluu iwe kijani. Dawa ni kulipandisha shati likae katikati ya mwili na madoa. #628094 (aina 204, ukolevu 34, mng'ao 58) lina weupe wa 48. Ngazi sasa inasomeka 87, 66, 48, 30, 16, na kila kipandio kina pointi 14 au zaidi. Mkono juu ya shati una tofauti ya 32. Ukosi umeachana na madoa kwa 18. Bluu imebaki bluu, imepauka kidogo tu kama shati lililofuliwa mara nyingi, na kwa mwenye duka hilo si kasoro.

Si kila mhusika anahitaji vipandio vitano. Mbega ana viwili, nyeusi na nyeupe, na vinamtosha. Kima punju wa Jozani, Unguja, ni paleti iliyokamilika tayari: mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono meusi, tumbo jeupe, na nywele nyeupe kuuzunguka uso mweusi. Ukimchora huyo, nguo ndogo inatosha, kwani shati zima litaficha kitu kizuri kuliko lenyewe. Tembo ni kinyume chake. Kijivu chake hakina msimamo na huchukua rangi ya udongo anaojirushia, kama tembo wekundu wa Tsavo, na hapo ndipo pa kuanzia ukichoka na kijivu.

Ipe kila rangi jina la kitu

Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazobeba viambishi: -eusi, -eupe, -ekundu. Zilizobaki tunazitaja kwa vitu: jivu, kahawa, majani, zambarau, chungwa, ugoro, maji ya kunde, damu ya mzee. Tabia hiyo ya lugha ni kifaa cha kazi. Kila rangi ya paleti yako iite kwa kitu ambacho msomaji amewahi kukishika: mchanga mkavu, maziwa ya mtindi, ganda la kahawa, shati lililochuja. Rangi isiyopata jina baada ya kuifikiria kwa dakika nzima mara nyingi haina kazi, au iko katikati ya mbili nyingine na unaweza kuifuta. Majina hayo yatakusaidia tena mnapokuwa wachoraji wawili. "Kikoi ni mtindi" haikosewi, wakati "krimu" kila mtu ana yake.

Mahali hapa pana onyo. Kuna mazoea ya zamani ya kumpa mhusika mbaya manyoya meusi na mwema manyoya meupe. Watoto wataanza kumtambua mbaya kwa weusi wake kabla hajafanya lolote, na wengi wao wakijitazama kwenye kioo hawaoni weupe. Ubaya wa fisi uonyeshe kwa macho, mkao na mdomo. Rangi zipange kwa ajili ya kuonekana.

Nguo na rangi ya kuita jicho

Kanuni ya nguo ni fupi: mwili wenye mapambo, nguo tupu; mwili mtupu, nguo yenye mapambo. Chui aliyevaa kitenge cha maua ni madoa juu ya maua, jicho halina pa kutua. Kobe au sungura anakibeba kitenge hichohicho vizuri. Fisi ana madoa, kwa hiyo shati lake halina hata mstari.

Kuhusu kiasi, mwalimu mzuri uko naye nyumbani. Kanga nyingi hazizidi rangi tatu au nne na hazionekani maskini, kwa sababu rangi hazigawani eneo sawa kwa sawa. Mji unashika eneo kubwa, pindo linafunga, na jina linakaa kwenye kipande kidogo kinachosomwa. Mgawie mhusika hivyohivyo. Manyoya yachukue zaidi ya nusu ya eneo, nguo kuu robo hivi, na rangi moja ya kuita jicho isizidi sehemu moja ya kumi.

Kwa fisi wetu rangi hiyo ni damu ya mzee, #802632 (aina 352, ukolevu 70, mng'ao 50), weupe 26. Inakaa kwenye tarbushi, juu kabisa, karibu na uso, mahali tunapotaka msomaji aangalie. Kishada cha tarbushi kitumie #33241F iliyokuwepo tayari. Kikoi nacho kitumie mtindi wa kooni, #EBDDC1. Kurudia rangi iliyopo ni bora kuliko kuongeza mpya.

Ila kikoi kinaleta shida yake. Upindo wenye weupe wa 87 unagusa miguu yenye 16, tofauti ya pointi 71, kubwa kuliko nyingine yoyote mwilini isipokuwa machoni. Jicho la msomaji litaporomoka miguuni. Weka pindo la damu ya mzee upana wa kidole cha mhusika kwenye ukingo wa chini wa kikoi. Sasa jicho linashuka 87, 26, 16 kwa hatua, na rangi ya tarbushi imepata mwangwi chini bila kuongezeka rangi mpya.

Kisha ipeleke paleti kwa mtu asiyejua unachochora na umuulize anaona nini. Nguo za kijani na njano Tanzania zitasomwa kama CCM au kama Yanga, kutegemea mwezi wenyewe. Simba mwenye fulana nyekundu na nyeupe hana haja ya maelezo Kariakoo. Chui wa bluu na nyeupe jijini Nairobi ni shabiki wa AFC Leopards, apende asipende. Kama hukukusudia utani wa jadi, sogeza aina kwa digrii 20 au badilisha mojawapo ya rangi mbili.

Macho na mdomo

Mboni ya jicho isikae moja kwa moja kwenye manyoya ya mchanga. Weka kwanza duara la kahawia la madoa, 30, kisha weupe wa jicho #F4EFE4 ambao weupe wake ni 94, kisha mboni ya #33241F. Tofauti ya pointi 78 inapatikana hapo tu na si kwingine kokote, kwa hiyo uso unashinda hata kwenye picha ndogo. Weupe wa jicho usiwe #FFFFFF. Nyeupe tupu huonekana kama tundu kwenye karatasi, na utaihitaji kwa nukta moja ya mng'aro ndani ya mboni.

Ulimi na ndani ya mdomo: #BF7D73, weupe 56. Hufunguka kwenye pua na mdomo wa 16, kwa hiyo hata kicheko kidogo kinaonekana. Mistari ya mchoro mzima ipake #33241F, si nyeusi tupu, ili isipige kelele kwenye manyoya mepesi.

Rangi ni nane. Ukifika kumi na mbili, rudi nyuma utafute mbili zinazofanya kazi moja.

Kivuli

Usichague rangi ya kivuli kwa kila sehemu, utachanganyikiwa ukifika ukurasa wa tano. Tengeneza leya moja juu ya rangi zote, modi ya Multiply, inayotia giza rangi zilizo chini yake, ukoze kwa #968AB8, zambarau iliyochuja, halafu teremsha uzito wa leya (Opacity) hadi asilimia 60. Mchanga wa #C2A478 ukipita chini yake unakuwa #927764. Aina imesogea kutoka 36 hadi karibu 25 na weupe umeshuka kutoka 66 hadi 49. Bado ni mwepesi kuliko madoa, na hiyo ndiyo mipaka ya kivuli: kikilingana na madoa, msomaji hajui tena kipi ni kipi. Ukiacha leya kwenye asilimia 100 weupe unaanguka hadi 38, na fisi anaonekana ameloa.

Mwenye jicho kali ataona kwamba mchanga ulio kivulini, 49, umelingana na shati lililo juani, 48. Hapo ndipo joto na ubaridi vinapofanya kazi. Mchanga una joto, shati ni baridi, na mstari wa mchoro uko kati yao. Kuvumilia mgongano mmoja wa namna hiyo ni sawa. Mitatu, anza upya.

Tukio la usiku nalo ni leya moja ya Multiply ya bluu juu ya kila kitu, macho yakiachwa nje. Usitengeneze paleti ya pili.

Mwenzake na ukuta ulio nyuma

Mhusika hakai peke yake. Tuseme Bi Sungura anaingia dukani kudai chenji. Rangi yake ya kwanza, kahawia ya kijivu #807164, imefuata sungura wa porini vizuri kabisa na ina weupe wa 45. Akisimama mbele ya fisi, masikio yake yanaangukia shati lenye 48, na yanapotea. Sungura bila masikio ni nini? Mpandishe hadi #C7B9AB, weupe 74. Masikio sasa yanajitenga na shati kwa pointi 26. Mwili wake lakini unakuja mbele ya kikoi cha 87, kwa hiyo mvalishe gauni la kijani cha jani la mgomba, #3B6B43, weupe 35. Wachore wote wawili wakiwa wamesimama bega kwa goti, mmoja mbele ya mwingine, kabla hujakubali rangi ya yeyote kati yao. Kuwapanga wakiwa wameachana, kama picha za kitambulisho, kunaficha kosa hili.

Ukuta usikae karibu na 66. Ukuta wa chokaa wenye weupe wa 85 au zaidi na ukolevu chini ya 12 unafaa, vilevile giza la ndani ya duka chini ya 40. Fisi akitoka nje kwenye nyasi kavu, ambako asili ilitaka apotee, zipaushe nyasi hadi weupe wa 80 na uzisogeze kidogo upande wa bluu, kama vitu vya mbali vinavyoonekana. Kwa jumla ukolevu wa mandhari uwe kama nusu ya ukolevu wa wahusika. Wachoraji wa Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za ubao mgumu, wamelitatua jambo hili kwa njia ya mkato: mandhari ya rangi moja tambarare, na mnyama juu yake mwenye mstari mzito. Kwa jalada la kitabu njia hiyo bado haijapata mpinzani.

Majaribio manne

Punguza mchoro hadi pikseli 64 kwa urefu. Kama huoni macho, mikono na kofia, rudi kwenye ngazi.

Ugeuze mchoro kushoto kulia, kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Jicho lililokwisha kuzoea linaamshwa, na rangi iliyozidi upande mmoja inajitokeza.

Toka nje na simu saa sita mchana. Wasomaji wako wengi watasoma juani kwenye kituo cha daladala, na huko rangi za kati ndizo zinazokufa kwanza. Shati la 48 na mwili wa 66 zikiungana, ongeza pengo.

La nne ni kwa ajili ya wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu 8 kwa kila 100, na popote utakapochapisha watakuwepo. Tarbushi ya 26 na gauni la 35 kwao zitafanana kiasi. Hapa haidhuru, kwa kuwa moja ni kofia na nyingine ni gauni, za watu wawili. Ingedhuru kama hadithi ingesema "mwenye kilemba chekundu ndiye mwizi" na mwenzake ana kilemba cha kijani chenye weupe uleule.

Ikienda kwenye mashine ya kuchapa

Kioo kinatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu, kwa hiyo kila kitu kitatoka kizito na kimepauka kidogo. Rangi zilizozimika kama zetu hazipotezi sana. Zinazoumia ni kijani kali, chungwa la kung'aa na bluu ya umeme, ambazo wino nne za mashine hazizifikii. Kwenye karatasi isiyo na mng'ao wino hunywewa na kutanuka, kwa hiyo pandisha mng'ao wa madoa na wa pua kwa pointi 5 hadi 8 kwenye faili la kuchapa pekee. La sivyo 30 na 16 zitakutana.

Maandishi na mistari myembamba sana ipake wino mweusi peke yake. Kahawia ya #33241F hutengenezwa kwa wino nne, na karatasi ikiyumba hata nusu milimita, mstari mwembamba unapata kivuli chekundu pembeni. Muulize mchapaji kikomo cha jumla ya wino, yaani asilimia za wino zote nne zikijumlishwa mahali pamoja. Kwa karatasi ya kung'aa mara nyingi ni karibu asilimia 300, kwa karatasi ya kawaida ni chini ya hapo, na ukizidisha, kurasa zinagandana kabla hazijakauka.

Mwisho, tengeneza ukurasa mmoja wa paleti: mhusika mbele na nyuma, ramani ya madoa, miraba minane yenye jina, msimbo na weupe wa kila rangi, na toleo lilelile la kijivu pembeni yake. Omba mchapaji akutolee ukurasa huo mmoja kwenye karatasi itakayotumika kabla ya kuchapa kitabu, na uutazame dirishani mchana, si chini ya taa ya ofisini kwake.